Sanaa ya video ifundishwe kuanzia ukutani

Anayetaka kujifunza sanaa ya video huambiwa mambo mawili: atafute kamera nzuri, kisha ajifunze programu ya kuhariri. Baada ya miezi kadhaa huwa na picha safi, rangi zilizokolea na mipito ya kila namna, lakini hana kazi hata moja inayoweza kusimama ndani ya chumba ikamzuia mtazamaji asitoke. Bidii haikukosekana. Kilichoharibika ni mpangilio wa masomo, maana ufundi huu umeazima ratiba ya filamu: kamera kwanza, uhariri baadaye, onyesho mwisho.

Filamu inaimudu ratiba hiyo kwa sababu ukumbi wa sinema umekwisha kujengwa. Giza lipo, viti vipo, spika zimepangwa, na mtazamaji huingia mwanzo akatoka mwisho. Kazi ya sanaa ya video hujijengea ukumbi wake kila mara. Mtu huingia katikati, husimama, huzunguka, huondoka, pengine hurudi. Ndiyo maana nashikilia kwamba mwanafunzi aanzie pale picha itakapotua, kisha arudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye lenzi. Kila uamuzi wa kamera na wa uhariri utakuwa na sababu ambayo tayari ameiona kwa macho.

Historia ya sanaa hii yenyewe ilianzia huko. Machi 1963, msanii Nam June Paik alipoonyesha kazi zake kwenye Galerie Parnass mjini Wuppertal, Ujerumani, hakuleta video aliyoipiga. Alileta televisheni alizozichokonoa ndani, picha zake zikapinda na kugeuka mistari. Kamera ya kubebeka ya Sony, Portapak, ilikuja miaka minne baadaye, 1967. Mkanda wake ulichukua dakika 20 hivi, na kuuhariri kulikuwa kazi ngumu, ndiyo sababu kazi nyingi za miaka ile ni pigo moja refu la kamera lisilokatwa. Kisha mwaka 1970 msanii wa Marekani Bruce Nauman alijenga ujia mwembamba wenye urefu wa karibu mita 10 na upana wa sentimita 51 hivi. Mwishoni aliweka televisheni mbili, moja juu ya nyingine. Moja ilionyesha mkanda wa ujia huohuo ukiwa mtupu. Nyingine ilipokea picha ya moja kwa moja kutoka kwenye kamera iliyofungwa juu, upande wa mlangoni. Anayeingia akaikaribia televisheni huuona mgongo wake ukizidi kuwa mdogo, kwa kuwa kadiri anavyosogea mbele ndivyo anavyoiacha kamera nyuma. Hapo hakuna upigaji wa ustadi wala uhariri. Kuna vipimo vya ujia, kimo cha kamera, lenzi na waya. Zoezi hili linaweza kurudiwa na yeyote mwenye kamera moja, skrini moja na kifungu cha korido, na lingepaswa kuwa somo la wiki ya kwanza.

Tuanze basi na ukuta. Projekta haina uwezo wa kutupa weusi. Nyeusi unayoiona ni ukuta ambao haukupata mwanga, kwa hiyo mwanga wowote mwingine chumbani hula weusi huo kabla ya kugusa kitu kingine. Hesabu yake ni nyepesi. Chukua projekta inayotoa lumeni (kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye chombo) 3,000 kwelikweli, uitandaze kwa upana wa mita 3 katika umbo la 16 kwa 9. Kimo kinakuwa mita 1.7 hivi, eneo mita 5 za mraba. Ukigawanya, ukuta unapata takribani laksi (lumeni kwa kila mita ya mraba) 600 pale palipo peupe kabisa. Sasa dirisha lisilozibwa vizuri likiongeza laksi 100, nyeupe yako ni 700 na nyeusi yako ni 100. Uwiano umeshuka hadi 7 kwa 1, na tukio lako la usiku limegeuka ukungu wa kijivu. Wengi hapa hukimbilia kuongeza mwangaza kwenye programu ya kuhariri. Wanaiharibu picha iliyokuwa nzima.

Dawa ziko tatu, na nitazitaja kwa mpangilio wa unafuu. Punguza ukubwa: picha yenye upana wa mita 1.5 ina robo ya eneo, kwa hiyo inang'aa mara nne, na mwanga uleule wa dirisha unakuacha na uwiano wa kama 25 kwa 1. Picha ndogo yenye weusi wa kweli humvuta mtu kuliko ukuta mzima uliopauka. Ya pili, ziba mwanga. Ya tatu husahaulika sana: paka rangi nyeusi au ya kijivu kizito isiyong'aa kwenye dari, sakafu na kuta za pembeni, kwa sababu mwanga wa picha yenyewe hugonga kuta nyeupe ukarudi kuiosha picha.

Umbali nao una hesabu. Kila projekta ina uwiano wa mrusho ulioandikwa kwenye maelezo yake. Zidisha uwiano huo kwa upana wa picha upate umbali: 1.5 mara mita 3 ni mita 4.5. Pima chumba kabla ya kuamua ukubwa. Ukishaifunga projekta kando au juu mno, picha huwa pembe tatu iliyokatwa kichwa, na kuna kitufe cha kuinyoosha kwa kompyuta. Kitufe hicho kiepukwe. Hubana pikseli upande mmoja, mistari iliyonyooka ikapata meno, na sehemu ya picha isiyotumika hubaki ikitupa fremu hafifu ya kijivu kuzunguka kazi. Funga projekta ikiwa imeuelekea ukuta sawasawa, au tumia ile inayoweza kuhamisha lenzi yenyewe juu, chini na pembeni.

Kutoka ukutani tunarudi kwenye kifaa kinachocheza faili. Karibu kila kazi ya video hujirudia, na kujirudia huku ni umbo kamili, kama kibwagizo kwenye utenzi. Lakini televisheni nyingi zikicheza faili kutoka diski ya USB hukatika kwa sekunde moja au mbili mwishoni, na nyingine huandika jina la faili juu ya picha kila mzunguko unapoanza. Ukijua hivyo mapema utatafuta kichezeo kinachounganisha bila pengo. Ukikikosa, rudia kazi ndani ya faili moja mara 30 au 40 ili pengo litokee mara moja tu kwa saa kadhaa.

Kuunganisha mwisho na mwanzo pasipo mshono kuna mbinu inayofanya kazi na maji, moshi, majani, umati wa watu na kila kitu kisicho na tukio moja kuu. Chukua kipande cha sekunde 60. Kikate katikati, kwenye sekunde ya 30. Hamisha nusu ya pili iwe mbele, nusu ya kwanza iwe nyuma. Sasa mwisho wa faili na mwanzo wake ni fremu (picha moja moja zinazounda video) mbili zilizokuwa jirani, kwa hiyo haziwezi kuruka. Mshono umehamia katikati. Ufiche hapo kwa myeyuko (picha moja ikififia huku nyingine ikijitokeza) wa sekunde 2 hadi 4, na faili yako itapungua kwa urefu huohuo. Mbinu hii hushindwa kwa sababu tatu: kamera ilitikisika, mwanga ulibadilika wakati wa kupiga, au kitu kikubwa kilikuwa kinavuka fremu pale myeyuko ulipowekwa. Hizo mbili za kwanza hazitibiki kwenye uhariri. Zinatibiwa kwenye stendi ya miguu mitatu na kwenye kufunga vipimo vya kamera, na hapo mwanafunzi anaelewa mwenyewe kwa nini kamera isiachwe ijiamulie.

Mwenye skrini mbili au tatu ana tatizo jingine. Vichezeo viwili vikiwashwa pamoja havibaki pamoja. Saa za ndani zikitofautiana kwa sehemu 10 tu katika milioni, baada ya saa 8 vimeachana kwa sekunde 0.29, yaani fremu 7 kwa kasi ya fremu 25. Mkono unaotoka skrini ya kushoto kuingia ya kulia utachelewa njiani. Njia rahisi kwa anayeanza ni kutengeneza faili moja pana, kwa mfano pikseli 3,840 kwa 1,080, na kompyuta moja iigawe kwenye projekta mbili. Picha ikiwa ndani ya faili moja, hakuna saa mbili za kugombana.

Sauti inastahili nafasi kubwa kuliko inayopewa. Kinachoharibu kazi nyingi ni chumba. Kuta za saruji na sakafu ya vigae hurudisha mwangwi, maneno yakageuka uji. Piga kofi moja katikati ya chumba usikilize mkia wake. Ukisikika mrefu, ama usitumie maneno, ama tandika zulia na utundike vitambaa vizito. Kitambaa kikiachwa sentimita 10 hivi mbele ya ukuta hunyonya sauti vizuri zaidi kuliko kikibandikwa juu yake. Besi hupenya kuta na kuvamia kazi ya jirani, kwa hiyo kata sauti za chini ya hezi 100 isipokuwa kama mngurumo ndio kiini cha kazi.

Wakati wa kurekodi, umbali ndio kila kitu. Pasipo mwangwi, kila ukipunguza nusu ya umbali kati ya mdomo na maikrofoni unapata nyongeza ya desibeli 6. Kutoka mita 3 hadi sentimita 75 ni nusu mara mbili, yaani desibeli 12, na hakuna programu itakayokupa usafi huo baadaye. Acha vilele vya sauti vifike karibu na desibeli 12 chini ya kikomo, na kila mahali rekodi sekunde 60 za ukimya wa pale pale, kwani ukimya wa chumba kimoja haufanani na wa kingine, na utauhitaji kuziba mapengo. Kwenye kujirudia, sauti hutoa mlio wa "tik" mawimbi yasipokutana. Yeyusha ncha zake kama ulivyofanya kwenye picha. Pia hifadhi sauti bila kuibana, yaani bila kupunguza ukubwa wa faili. Ubanaji wa aina ya MP3 huongeza ukimya mfupi mwanzoni, na mzunguko utakwama kidogo kila mara bila wewe kujua kwa nini. Na ukiona mdomo na neno havikutani ingawa kwenye kompyuta vilikutana, projekta inachelewesha picha kwa ajili ya kuichakata. Cheza faili ya mtu anayepiga kofi, uhesabu ni fremu ngapi, usogeze sauti kwa kiasi hicho.

Faili lenyewe. Video ya kawaida ya biti 8 ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. Ukuta wa giza kwenye picha, ambao mwangaza wake unapanda polepole kutoka ngazi ya 20 hadi ya 40 una hatua 20 tu. Zikitandazwa kwenye pikseli 1,920, kila hatua ina upana wa pikseli 96, na ukutani kwa upana wa mita 3 hiyo ni mistari ya sentimita 15, dhahiri kama ngazi za jengo. Kwenye skrini ya kompyuta mpakato hukuiona. Piga kwa biti 10, ambako ngazi ni 1,024, kisha mwishoni ongeza chenga (nukta ndogondogo zilizotawanyika kwenye picha) kidogo sana kabla ya kutoa faili; chenga huvunja kingo za mistari hiyo na jicho likaona mteremko laini. Usizitoe kafara chenga hizo kwa kubana faili mno. Kwa picha ya 1,920 kwa 1,080 kwenye kodeki (mfumo wa kubana video) ya H.264, megabiti 25 hadi 40 kwa sekunde zinatosha, na vichezeo vingi huzimudu. Hariri kwa kodeki kubwa inayohifadhi kila fremu peke yake, mfano ProRes; ile ndogo iwe ya kucheza tu.

Sasa ndipo tufike kwenye kamera, na mtaona imebaki na mambo machache. Zima kila kinachojiendesha: mwangaza, fokasi, mizani ya rangi nyeupe. Kwa kasi ya fremu 25, shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde hutoa mwendo wa kawaida. Taa za umeme wa hezi 50 humemeteka mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo 1/50 na 1/100 ni salama. Kwenye umeme wa hezi 60 tumia 1/60 au 1/120. Ukikosea, mistari ya kivuli itapanda na kushuka kwenye picha, na hilo halifutiki kirahisi.

Mwendo wa polepole huamuliwa siku ya kupiga. Ukipiga fremu 25 ukazipunguza mara nne kwenye kompyuta, kila fremu inarudiwa mara nne na mwendo unakuwa wa kukwama-kwama. Programu ikijaribu kubuni fremu za katikati, vidole na nywele huyeyuka kama nta. Piga fremu 100 na shata ya 1/200. Kumbuka kwamba sensa sasa inapata robo ya mwanga, hivyo ongeza taa mara nne au fungua tundu la lenzi hatua mbili. Msanii Bill Viola, katika kazi yake ya 1995 The Greeting, alipiga tukio la sekunde 45 hivi kwa filamu ya milimita 35 kwa fremu 300 kwa sekunde, likatandazwa hadi karibu dakika 10. Ingawa kazi ilikuwa ya video, kamera za video za wakati ule hazingempa kasi hiyo kwa ubora huo, akatumia kamera ya filamu. Alijua muda anaoutaka ukutani, chombo kikafuata.

Asiye na kamera ya maana ana njia pia. William Kentridge wa Afrika Kusini, tangu 1989, amejenga kazi kwa mchoro wa makaa juu ya karatasi: anachora, anapiga fremu, anafuta sehemu, anachora tena, na kivuli cha kilichofutwa kinabaki kikionekana. Simu iliyofungwa imara juu ya meza inatosha. Ukishika kila picha kwa fremu mbili, dakika moja inadai picha 750. Fanya sekunde 10 kwanza, yaani picha 125, ujue mkono wako unachukua muda gani. Taa zote mbili zikae pembeni kwa nyuzi 45, na kivuli chako kisiguse karatasi wakati wa kupiga. Mtu akivaa shati jeupe siku moja na jeusi siku ya pili, mwangaza unaodunda kwenye karatasi hubadilika na video inamemeteka.

Nimeacha kwa makusudi hitilafu, kwa sababu ndiyo sehemu inayofundishwa vibaya kuliko zote. Programu za siku hizi huuza "hitilafu" iliyotengenezwa tayari, ya kubandika juu ya picha yoyote. Anayeibandika hajifunzi chochote kuhusu video. Msanii Joan Jonas mwaka 1972, katika Vertical Roll, aliachia picha ya televisheni ishindwe kushika mahali pake, mstari mweusi ukawa unapita bila kukoma, naye akaruka kwa mdundo wa mstari ule. Hitilafu ilikuwa ya mashine halisi, na mwili wake ukaijibu.

Hitilafu ya mashine za leo iko kwenye ubanaji. Video iliyobanwa ina fremu kuu chache zenye picha nzima. Zilizobaki zinabeba tu maelezo ya nini kimesogea. Tengeneza faili la video yenye matukio mawili, ukiweka umbali mkubwa kati ya fremu kuu, fremu 300 au zaidi, na uzime fremu zinazotazama mbele na nyuma kwa pamoja (B-frames). Kisha ondoa fremu kuu pale tukio la pili linapoanza. Mwendo wa tukio la pili sasa unasukuma rangi za tukio la kwanza: uso unatiririka kwa umbo la mtu anayetembea. Isipofanya kazi, mara nyingi programu iliingiza fremu kuu nyingine penye mabadiliko makubwa bila kukuuliza. Zima utambuzi huo wa matukio, lakini hakikisha fremu kuu ya mwanzo wa tukio la pili imewekwa ili uwe na cha kuondoa. Na faili ukishalivuruga, lirekodi upya likiwa linachezwa, kwani vichezeo hutofautiana katika kulisoma.

Zoezi jingine la bei ya bure ni kuielekeza kamera kwenye skrini inayoonyesha picha ya kamera hiyohiyo. Funga mwangaza kwa mkono, zima taa, ijaze skrini kwenye fremu, kisha izungushe kamera nyuzi chache. Picha itaanza kujizaa. Ikiwaka nyeupe yote, punguza mwangaza wa skrini. Ikizimika, mulika mwanga kidogo mbele ya lenzi kuiamsha tena. Saa moja ya mchezo huu humfundisha mtu kuhusu ucheleweshaji, fokasi na mwangaza kuliko mihadhara mingi.

Jaribio la mwisho hufanywa kwenye swichi kuu. Weka kazi yote chumbani, zima umeme, subiri dakika tano, washa bila kugusa kitufe kingine chochote. Projekta iwake yenyewe, kichezeo kianze faili sahihi, sauti irudi kwenye kiwango kilekile, skrini zote ziwe kwenye fremu moja. Mara nyingi kitu kitagoma: projekta itabaki ikisubiri rimoti, kompyuta itadai nywila, au itawaka kabla ya projekta, isiione, na kutuma picha ya ukubwa mwingine. Rekebisha kimoja, zima tena. Kila unachorekebisha kiandike kwenye karatasi moja yenye mchoro wa nyaya, namba za viwango na picha ya ukuta jinsi unavyopaswa kuonekana, na karatasi hiyo ibaki na atakayeufungua mlango asubuhi.